Sababu ya Pili

Chuoni walimwita Mzee Kaseti, na jina hilo alilipata kabla hajawa mzee. Alikuwa fundi wa maabara ya lugha, chumba kirefu cha ghorofa ya chini chenye vibanda ishirini na vinne vya mbao, kila kibanda na hedifoni yake, na mbele kabisa meza yenye mashine ambayo hakuna mwingine aliyethubutu kuigusa. Wanafunzi walikuja pale kujifunza kusikiliza mihadhara ya Kiingereza, na kazi yake ilikuwa kuwawekea. Anabonyeza, wanasikiliza, anasimamisha, wanaandika, anarudisha nyuma, wanalalamika. Miaka ishirini na miwili, ndugu yangu. Piga hesabu mwenyewe mtu huyo kameza mihadhara mingapi.

Alikuwa nayo yote kichwani. Wa nyuki, wa reli, wa chanjo, wa mabwawa. Alijua bwana wa reli anakohoa wapi na yule mama wa chanjo anafunua karatasi wapi. Lakini ukimkuta mlangoni ukamwuliza kwa Kiingereza ameamkaje, atakukodolea macho utadhani umemwomba figo. Kusikia alisikia, kukariri alikariri, ila kusema jambo lake mwenyewe kwa lugha ile, hata siku moja. Wala hakuna aliyewahi kumtaka aseme.

Mhadhara uliopendwa kuliko yote ulikuwa ule wa kwa nini mabwawa hujaa tope. Msemaji anaanza kwa kuahidi sababu tatu. Sasa, mwaka mmoja huko nyuma, mashine ilikula utepe katikati. Fundi akaifungua kaseti kwa bisibisi, akakata kwa wembe sehemu iliyokunjamana, mita kumi na moja hivi, dakika nne za maneno, akaunga ncha mbili kwa selotepu. Kazi safi, mshono wenyewe husikii. Ila tangu siku hiyo msemaji akawa anaahidi sababu tatu, anataja ya kwanza, anakohoa kidogo, anaingia ya tatu. Walimu hawakuhangaika, wakaigeuza zoezi, sababu ya pili katafuteni wenyewe maktaba. Ikawa utani wa chuo kizima. Mwanafunzi akichelewa, akiulizwa kwa nini, anajibu ni sababu ya pili. Miaka ilivyokwenda, Mzee Kaseti mwenyewe akasahau kwamba kuna kitu alikata. Kwake mhadhara ulikuwa ndivyo ulivyo: ya kwanza, ya tatu, asanteni kwa kunisikiliza.

Basi ikaja barua. Uongozi wa chuo ulisema kuanzia mwaka mpya wa masomo maabara haitakuwa na fundi, itakuwa na msaidizi wa mafunzo. Kaseti zimepitwa na wakati, sauti zote zinaingizwa kwenye kompyuta, na msaidizi huyo lazima aweze kuongea na wanafunzi kwa Kiingereza. Kwa hiyo anatakiwa awe na cheti cha kozi ya kusikiliza na kuzungumza Kiingereza cha kitaaluma, kozi ileile inayofundishwa katika chumba kilekile alichokifagia kwa miaka ishirini na miwili. Asiye na cheti atahamishiwa stoo, akakae na viti vilivyovunjika. Alikuwa amebakiza miaka sita kustaafu.

Mimi ningewasha moto. Yeye aliikunja barua mara nne akaitia mfuko wa shati, akaenda kukaza skrubu ya kibanda namba saba.

Ni kwamba mkewe alikuwa amefariki miezi minane kabla. Siku ya mazishi watu walikaa wakimsubiri alie, naye alikuwa ameinama nyuma ya viti akishughulika na waya wa kipaza sauti, kwa sababu kilikuwa kinakoroma. Wakasema huo ni mshtuko, atalia baadaye. Baadaye ikafika, ikapita. Hakulia. Alikula alichowekewa, akalala, akaamka, akanyoa ndevu. Watu walimpa pole na yeye akawashukuru kwa kuja, hata wale aliokutana nao sokoni ambao hawakuwa wamekuja. Alikuwa amekufa ganzi, basi; ganzi ileile ya mguu uliokaliwa muda mrefu, unajua ni wako ila ukiufinya haukuambii kitu.

Na maabara ndiyo mahali pekee ambapo ganzi hiyo haikuwa na ubaya. Pale hakuna aliyetaka ahisi kitu, walitaka abonyeze. Nyumbani kila kiti kilimdai jambo. Akiondolewa maabara, alijua, hatakuwa na mahali popote pa kuwa. Kwa hiyo akajiandikisha kozi, pamoja na vijana wa miaka kumi na tisa.

Mwalimu wa kuzungumza alikuwa binti mwenye umri sawa na wa bintiye, sauti ya chini, haharakishi mtu. Aliwafundisha kwamba msemaji wa Kiingereza cha darasani hukuwekea vibao vya njiani: kwanza, kwa upande mwingine, kwa kumalizia; ukivitambua hupotei. Aliwafundisha wasiandike kila neno, waandike kichwa cha wazo na mshale. Aliwafundisha kumkatiza mtu kwa adabu, kukubali nusu na kukataa nusu, na zaidi ya yote kumwomba mtu arudie pale walipoachwa. Hilo hakuchoka kulisema. Msikilizaji mzuri, kwa maelezo yake, siyo anayetikisa kichwa, ni yule anayethubutu kusema samahani, hapo sijakupata, sema tena.

Mzee Kaseti alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza darasa lilipigwa na butwaa. Kiingereza kilitoka kimenyooka, cha watangazaji wa zamani, pumzi zote mahali pake. Wakatazamana. Halafu wakagundua. Aliulizwa alifanya nini Jumapili, akajibu kwamba, kama tulivyoona katika mhadhara uliopita, reli ilibadili maisha ya wafanyabiashara wa bara. Vijana walivunjika mbavu. Kijana mmoja akaanguka kabisa kutoka kitini. Mzee mwenyewe alisimama tu, mikono kando, akisubiri kuambiwa akae. Hakuona haya wala hakukasirika, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi Mwalimu.

Akambakiza baada ya kipindi, akamsogezea kiti.

"Mzee, nikikuuliza kitu, unanisikia mimi au unatafuta kaseti?"

"Natafuta kaseti, Mwalimu."

"Na usipoipata?"

"Nanyamaza."

Mwalimu akamwambia mtihani una vipande vitatu. Utasikiliza mhadhara wa dakika kumi na mbili. Utaueleza kwa dakika tatu. Halafu watahini watakuuliza, na hapo hakuna kaseti, Mzee, hapo ni wewe. Akamwambia akafanye mazoezi nyumbani na mtu yeyote, aulizwe maswali ya kawaida tu, ajibu lolote. Mzee Kaseti akasema sawa.

Nyumbani mtu alikuwa mmoja, bintiye. Alikuwa fundi cherehani. Aliweka mashine yake sebuleni, akashona sare za shule kutwa nzima. Alimpikia baba yake, akamfulia, akamwambia maji yamekatika, akamwambia luku ya umeme imeisha. Zaidi ya hapo, kimya. Wiki moja baada ya mazishi walikuwa wamegombana, kama kugombana kwa sentensi mbili kunaitwa kugombana. Binti alisema, "Mama alikuambia, baba. Mezani hapa, mimi nilikuwepo." Naye akajibu, "Hakuniambia." Hakuwa anadanganya. Alipekua kichwa chake chote, na hicho kichwa, unakijua, hakipotezi kitu, hakukuta.

Marehemu alikuwa na desturi yake. Kila jioni, akishamaliza kuosha vyombo, alikaa akataja maumivu yake kwa mpangilio: magoti, mgongo, jino la nyuma. Miaka nenda rudi, magoti, mgongo, jino. Mumewe aliijua orodha hiyo kuliko mihadhara yote, na kila kipengele kilikuwa na jibu lake, eeh, pole, pumzika mke wangu. Huku macho yake yako kwenye redio aliyokuwa anaitengeneza. Na mama wa watu hakulalamika kwamba hasikilizwi, maana kila akisema, anajibiwa. Siku walipomfikisha hospitali daktari aliuliza uvimbe una muda gani, na mume akajibu ndiyo kwanza anausikia leo.

Kwa hiyo mazoezi hayakwenda popote. Baba alisimama katikati ya sebule akaeleza nyuki, akaeleza chanjo. Binti alipima dakika kwa simu bila kuinua uso kwenye cherehani, akasema umezidisha sekunde kumi. Maswali hakuuliza. Alikuwa na moja tu na lilikwisha kujibiwa.

Siku ya mtihani alipiga pasi shati jeupe. Chumba kilikuwa maabara yake mwenyewe, ila safari hii alikalishwa kibanda namba tisa, upande wa wanafunzi, mahali ambapo hakuwahi kukaa hata kwa dakika moja. Mbele, kwenye meza yake, walikaa watatu: Mwalimu, mkuu wa idara aliyekuwa mtu mnene mcheshi aliyemfahamu tangu wote wana nywele, na mtahini wa nje, bwana mkimya aliyeletwa kutoka chuo kingine, miwani imefungwa kamba shingoni. Wakamwambia avae hedifoni. Kuna karatasi ya kuandikia, na penseli. Mwalimu akabofya.

Ilikuwa ni mabwawa.

Mabega yalimshuka kwa nafuu. Kati ya mihadhara yote chini ya jua, mabwawa! Msemaji alisalimia, akaahidi sababu tatu, na Mzee Kaseti akaiweka penseli chini. Kuandika nini? Angeuimba usingizini. Sauti ikaendelea kupita masikioni, naye akatazama bawaba ya kibanda namba saba, akaona imelegea tena, akawaza kwamba pale panataka skrubu ndefu zaidi. Akawaza kama stoo kuna dirisha. Mwalimu alimtazama mara mbili, akaitazama ile penseli, akainamisha macho. Sheria hazimruhusu kusema. Dakika kumi na mbili zikaisha.

Akasimama. Jamani, angalau kwa hilo tumpe haki yake: dakika tatu zile zilikuwa kamili. Bwawa likajaa tope mbele ya macho yao. Sababu ya kwanza, miti inakatwa milimani na mvua inashuka na udongo. Akakohoa kidogo. Sababu ya tatu, watu wanalima mpaka kwenye ukingo wa mto. Kwa kumalizia, asanteni kwa kunisikiliza. Mkuu wa idara alikuwa anatabasamu waziwazi. Mtahini wa nje alikuwa anaiangalia karatasi ya kibanda namba tisa, nyeupe, haina hata nukta.

"Asante," akasema kwa Kiingereza. "Sababu ya pili ni ipi?"

Mkuu wa idara akaangua kicheko. Alidhani mgeni kaambiwa utani wa chuo. Mzee Kaseti naye alidhani hivyo, akatoa jibu lile ambalo kila mtu hulitoa, kwamba sababu ya pili wanafunzi wanaitafuta maktaba. Mtahini hakucheka. Wala Mwalimu hakucheka. Mtahini akavua miwani ikaning'inia kifuani, akasema bila ukali wowote kwamba msemaji ameizungumzia sasa hivi, kwa dakika nne, na Mzee alikuwa amevaa hedifoni.

Ndipo kicheko cha mkuu wa idara kilipokatika. Kumbe wakati wa likizo Mwalimu alikuwa ameikuta kaseti ya asili kabatini huko maktaba, nzima, haijawahi kuguswa, akaiingiza kwenye kompyuta. Mzee Kaseti mwenyewe ndiye aliyebeba boksi kulishusha ngazi. Hakuuliza lina nini.

Akatafuta kaseti kichwani. Akaenda mwanzo, akaja mwisho, akarudi. Ya kwanza, ya tatu. Ya kwanza, ya tatu. Akaukumbuka wembe. Akazikumbuka mita kumi na moja za utepe sakafuni, na jinsi alivyozikusanya kwa mguu akazitupa. Na alipokuwa bado anatafuta, ikaja nyingine ambayo hakuiita. Meza ya nyumbani, redio imefunguliwa matumbo, bisibisi mkononi. Magoti, alisema mkewe. Eeh. Mgongo. Pole. Halafu mkewe akaweka kiganja chini ya ziwa la kushoto, akakiacha pale, akasema kitu. Alikiona kiganja. Mdomo aliuona unatembea. Halafu, jino. Pumzika, mke wangu.

Aliona pia, pembeni ya meza, bintiye ameacha kula, anamtazama yeye.

Mkuu wa idara akaanza kukusanya karatasi kumwokoa. Mzee Kaseti akafungua mdomo. Kilichotoka hakikuwa cha watangazaji. Kilikuwa Kiingereza kibovu, cha kupapasa, neno hili likimsubiri mwenzake, na sauti ilikuwa yake.

"Sikusikiliza," alisema. "Nilidhani naujua."

Mtahini akasubiri, kalamu juu.

"Mke wangu aliniambia. Kati ya mgongo na jino."

Mtahini wa nje hakuelewa, na angeelewaje. Akaandika mstari mmoja, akamshukuru, akamwita mwanafunzi anayefuata. Mwalimu alikuwa ameweka kalamu chini, anatazama dirishani.

Matokeo aliyapata siku ileile mchana, koridoni. Mwalimu alimletea mwenyewe. Akamwambia kuzungumza amefaulu, na siyo kwa zile dakika tatu, zile mtahini alizifuta zote. Ni kwa yale maneno machache ya mwisho. Kusikiliza amepata sifuri. Na cheti bila vyote viwili hakitoki. Anaweza kurudia mwaka ujao, na kwa sasa, Mzee, nasikitika, itakuwa stoo. Macho ya Mwalimu yalikuwa mekundu. Mzee Kaseti akashukuru. Akatoa funguo za maabara mfukoni, akazishika kidogo, akauliza kama kabla ya kuzikabidhi anaweza kusikilizishwa zile dakika nne.

Akakaa kibanda namba tisa, akasikiliza. Akaandika. Ilikuwa ni mifugo: ng'ombe wakishuka kunywa maji hukanyaga kingo za mto, na kingo zikiporomoka, udongo wote unaishia bwawani. Jambo dogo kiasi hicho. Akaandika ng'ombe, akachora mshale, akaandika ukingo. Akavua hedifoni, akaukunja waya wake vizuri, akaenda nyumbani kwa miguu.

Njiani mguu uliokufa ganzi ulianza kuamka, na anayejua jinsi unavyochoma hahitaji kusimuliwa. Ilimuuma. Ilimuuma mpaka akasimama kando ya ukuta wa nyumba ya watu akajishika, na mpita njia akamwuliza kama anaumwa, na yeye, badala ya kumshukuru kwa kuja, akasema ndiyo.

Cherehani lilisikika tangu nje. Bintiye alikuwa katikati ya sketi ya buluu. Hakuinua kichwa, alisema chai iko kwenye chupa. Baba akavuta kiti, akakaa mbele yake mpaka binti akalazimika kuondoa mguu kwenye kanyagio. Mashine ikatulia.

"Nimekosa cheti," alisema. "Napelekwa stoo."

Binti akasema pole.

"Mama yako aliniambia. Ulisema kweli. Nilisikia mgongo, nikasikia jino. Hapo katikati sikusikia." Akasogeza kiti karibu. "Wewe ulikuwepo. Niambie alisema nini."

Uzi ulikuwa bado kidoleni mwa binti, akauzungusha, akauzungusha tena, mpaka ncha ya kidole ikawa nyeupe.

"Unataka nirudie yote?"

"Yote. Polepole."

Akaanza tangu magoti. Hakuruka kitu, alisema na sauti ya mama yake pale ilipobidi, na kiganja akakiweka mahali penyewe, chini ya ziwa la kushoto. Mara tatu ile eeh ilimfikia Mzee Kaseti kwenye meno, na mara tatu akaifungia humo humo. Binti alipofika kwenye jino alikuwa analia. Baba yake aliinama mbele, mikono magotini, akamwambia kuna mahali hapo hajapata, aseme tena.